Damu Iliyopita Mikononi mwa Mutegi

Tangu nistaafu siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inacheza chini ya meza. Nikisimama, natafuta mahali pa kukaa. Asubuhi natoka nyumbani kwangu Majengo, nazunguka msikiti, napita kwenye mabucha, narudi, namimina chai, naiacha ipoe, natoka tena. Jana mwenye bucha alimwambia kijana wake, "Mkatie shangazi maini," nami nikajikuta nimeuliza, "Shangazi kwa upande gani? Dada ya baba yake, au heshima tu?" Akanitazama, kisu kikiwa hewani. "Madam Zuhura, si ulistaafu? Chukua maini uende."

Basi naandika. Nyinyi mliobaki kwenye ile ofisi ndogo karibu na wodi ya wanawake mliniomba niwaachie maneno mawili matatu kuhusu kazi. Sitawaambia nilipanda cheo lini. Hilo halijawahi kumponya mgonjwa. Kwenye mlango wenu imeandikwa Ustawi wa Jamii, na mgeni akisoma hufikiri tunagawa mablanketi. Kwa kweli kazi yetu ni kujua nani ni nani wa nani. Mgonjwa analetwa hawezi kusema, na nje ya mlango wamejaa watu, kila mmoja akisema ni wake. Nani aulizwe kabla ya upasuaji? Nani amwogeshe? Na nani, hata akimpenda kuliko wote, hatakiwi kabisa kumwona akiogeshwa?

Nilianzia Embu. Siku ya kwanza nilipewa mtoto aliyevunjika mkono, na nilipomuuliza nani atamchukua akasema, "Mama anakuja." Nikamsubiri mama. Nje palikuwa na mwanamume mwenye ndevu, amekaa juani na gunia la makaa, nami nikampita mara kadhaa nikienda kumtafuta huyo mama getini. Mwishowe mkubwa wangu, Bi. Wanjira, aliyezaliwa Gachoka na aliyekuwa na sauti ya mtu anayefukuza ndege shambani, akanishika bega.

"Unatafuta nani, wewe?"

"Mama ya huyu mtoto."

"Ndiye huyo umemwacha akaangwe na jua. Huku kaka ya mama yako unamwita mama. Kwenu mnamwita nani?"

"Mjomba."

"Na mjomba wenu anaruhusiwa kufanya nini?"

Nilijua jina, sikujua kazi yake. Bi. Wanjira akacheka hadi akaegemea ukuta, kisha akaniambia neno nililolibeba hadi mwisho: "Usiulize ndugu anaitwaje. Uliza anaweza kumfanyia mgonjwa nini, na hawezi kumfanyia nini. Majina yatakupoteza kila siku."

Yalinipoteza kweli. Nilimsikia ajuza akimwambia mvulana ambaye hajaota hata jino la pili, "Mume wangu, umekula?" kwa sababu mtoto alipewa jina la marehemu babu yake, na bibi aliendelea kumtania hivyo. Nilimwona mzee akimwinamia binti yake mdogo, aliyebeba jina la bibi yake, na kumwita mama, na kumwomba ruhusa ya kwenda kuvuta sigara. Nilikutana na wake wawili wa mume mmoja ambao walikuwa hawasemezani, lakini kila mmoja alimjua mtoto wa mwenzake kwa kikohozi chake. Nilikutana na mwanamke mjane aliyekuwa amemwoa mwanamke mwenzake kwa mahari kamili, ili boma la marehemu lisikose watoto, na watoto hao wakimjali kama baba. Nesi mmoja, mgeni wa maeneo hayo, aliniuliza kama watu hawa wana akili timamu. Nikamjibu kwamba kwetu Majengo mtoto ana baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na hakuna anayetushangaa.

Kifaa chetu cha kazi kilikuwa punje za jamii ya kunde. Bi. Wanjira aliweka kwenye droo makopo ya kunde, mbaazi na ndengu kutoka shambani kwao. Mgonjwa au jamaa akichanganyikiwa, alimmwagia mezani: kunde ni wanawake, mbaazi ni wanaume, ndengu ni yeyote asiyeingia kwenye hesabu. "Nipangie boma lenu," alisema. Watu ambao wasingesema kitu walianza kusogeza punje. Mbaazi moja ikasukumwa mbali kidogo, na tukajua ugomvi uko wapi. Alipostaafu alinipa makopo. Nilipohamishiwa Meru niliyabeba kwenye begi, yakilia kama njuga njia nzima.

Nimeinuka tena, nimezunguka chumba, nimerudi. Kesi ninayotaka kuwaachia ni ya Cucu Kanini, yaani Bibi Kanini, na kila nikiifikia natamani kutembea.

Aliletwa kutoka pande za Laare, amevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye mteremko wa shamba la miraa. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, na macho yaliyokuwa yakikagua wodi nzima. Hakuwa analia kwa maumivu. Alilalamika kuhusu mashuka. Damu yake ilikuwa imepungua sana, na Daktari Ouma, kijana mrefu kutoka upande wa ziwa, akasema hampasui bila kumwongeza, na hata bila upasuaji hatamaliza wiki kwa hali ile. Aina yake ya damu ilikuwa adimu. Hospitalini haikuwepo, na kule ilikoombwa wakasema tuendelee kusubiri. Tukawaita jamaa wapimwe.

Mwanawe wa kiume alikuwa ameenda kufanya kazi ng'ambo. Binti yake, Kathure, alikuwa mjamzito wa mtoto wa tano, hawezi kutoa. Majirani walipimwa, hakuna damu iliyoingiana. Mtu mmoja tu ndiye aliyefaa: Kaberia, mume wa Kathure, mfungaji wa miraa sokoni Laare, mwenye vidole vilivyokauka kwa kufunga majani ya ndizi. Alikuja na kofia mkononi, akapimwa, maabara wakasema huyu ndiye. Kathure akakimbia wodini kumwambia mama yake. Mimi nikamfuata.

Cucu Kanini akasikiliza. Kisha akageuza uso ukutani.

"Hapana."

"Mama, daktari amesema—"

"Nimesikia daktari. Sijavunjika masikio."

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua. Kwa wale watakaoletwa kutoka mbali, nitaeleza. Mkwe na mama mkwe hapa hawachanganyiki. Mwanamume akimwona mama wa mkewe njiani, mmoja atapisha. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawapeani mkono. Si chuki. Ni heshima iliyopewa umbali ili isichakae. Kaberia alikuwa amekaa getini tangu Cucu alazwe. Alituma uji, alituma leso, lakini mlango wa wodi hakuukaribia, kwa sababu ndani mama mkwe alikuwa amelala bila kujisitiri vizuri. Na sasa tulitaka kilichokuwa ndani ya mwili wake kiingie ndani ya mwili wa mama huyo.

"Damu yake ikiingia kwangu," Cucu alisema, bado anaangalia ukuta, "atakuwa ametoka kwangu, au mimi nimetoka kwake. Atakuwa mwanangu. Na akiwa mwanangu, wewe Kathure umeolewa na nani?"

Kathure akashika tumbo lake. "Mama, heri nikae na aibu kuliko nikae yatima."

"Na hawa wanne? Na huyo wa tano? Utawaambia wamezaliwa na nani, wakati baba yao ni mjomba wao?"

Kathure alikaa chini sakafuni, hivyo hivyo na mimba yake, akaanza kulia bila sauti. Cucu hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma tu, akaupapasa hadi ukapata kichwa cha binti yake, ukatulia hapo.

Nilimpelekea habari Daktari Ouma. Nilitarajia apandishe sauti. Akavua miwani. "Madam, kwetu mama mkwe wangu hajawahi kulala nyumbani kwangu hata mvua inyeshe vipi. Namwelewa huyu mama kabisa. Lakini moyo wake haumwelewi. Moyo unataka damu." Akaniomba nizungumze naye tena, na akasema jambo nililompendea: hatamwekea kwa nguvu, wala usingizini. Akikubali, akubali macho wazi.

Wengine ofisini waliona ni ushamba. Mimi sikuona hivyo, na nitawaambia kwa nini. Dada yangu alichumbiwa na kijana wa mtaa wetu, mpaka bibi mmoja akakumbuka kwamba wote wawili waliwahi kunyonyeshwa na mama mmoja, wakati mama yetu alipougua. Maziwa yale yalikuwa yamewafanya ndugu. Uchumba ukaisha siku hiyo hiyo. Hakuna aliyebishana, hata wao. Kwetu damu ya kuongezwa haimfanyi mtu ndugu, lakini maziwa yanamfanya. Basi ningeanzaje kumwambia Cucu Kanini kwamba kitu cha mtu mwingine kikiingia mwilini hakibadilishi chochote? Alikuwa amekosea chombo tu, kwa kipimo cha kwetu. Kwa kipimo cha kwao hakuwa amekosea kitu.

Kesho yake Cucu akaacha kula. Uji wa binti yake aliusukuma, wa nesi akaufunika. Nilikuwa nimesimama dirishani, sijui nifanye nini na mikono yangu, alipoingia Mutegi.

Mutegi alikuwa msukuma machela wetu, mtu wa Tharaka, mnene, mwenye utani na kila mtu. Alimwita mganga wa meno fundi wa milango. Lakini tangu siku alipomsukuma Cucu kutoka kwenye gari na kumuuliza ukoo wake, nilikuwa nimeona akimwendea tofauti, amevua kofia. Sasa alisimama kando ya kitanda.

"Cucu, naomba unywe huo uji."

Ajuza akamtazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akainua kikombe, akanywa, akanywa, mpaka akakigeuza kuonyesha kimekwisha. "Mtharaka mbaya wewe," akasema. "Haya, umeridhika?"

"Nimeridhika, Cucu. Asante."

Nikamfuata Mutegi kwenye ujia. "Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Ukoo wake na ukoo wetu ni gichiaro."

Neno hilo nililijua kwa kulisikia tu. Ni udugu wa kiapo, uliofungwa na mababu kati ya koo za mbali, hata kama hazikuzaliana. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Hakudanganyi, humdanganyi. Wanaogopana kuliko ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ndugu wa tumbo moja husameheana.

"Basi mwombe apokee damu," nikasema. Nilikuwa nimemshika mkono.

Akautoa taratibu. "Madam, hiyo si sindano ya kudunga mtu. Uji nimeomba kwa sababu ni wake na ni kwa faida yake. Nikimlazimisha kitu kinachovunja boma lake, nimemkosea. Na nikimkosea, kiapo kitanilaza, mimi ndiye mtanisukuma kwa hii machela. Nani atasukuma? Wewe? Na hiyo miguu yako?"

Nilirudi ofisini, nikachukua makopo.

Nilimmwagia Cucu Kanini punje kwenye blanketi. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Sasa unataka kunipikia?" Nikamwomba anipangie. Akaweka kunde moja, yeye. Nyingine chini yake, Kathure. Mbaazi moja akaiweka mbali, karibu na ukingo wa blanketi: Kaberia. Kunde na mbaazi ndogo katikati, wajukuu. Akakaa akizitazama. Nikamuuliza lile swali la Bi. Wanjira: huyu aliye ukingoni anaweza kukufanyia nini, na hawezi nini?

"Anaweza kunijengea nyumba," alisema. "Amenijengea. Lakini ikiisha hataingia. Anaweza kuniletea mbuzi, ampe mtu mwingine anikabidhi. Kwa mkono wake, hapana."

"Na mbuzi akishakabidhiwa na mtu mwingine?"

"Ni mbuzi wangu. Namla."

Kidole chake kilikuwa kikizunguka juu ya blanketi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, "Na yule Mtharaka wenu mnene, umemweka wapi hapa?"

Sikuwa nimemweka. Akachukua punje ya ndengu, akaiweka kati yake na Kaberia, si juu, si chini. "Huyu si mwanangu, si mkwe. Akiniletea kitu siulizi amekitoa wapi. Hata akiniletea moto, nitafungua leso niupokee." Akainua kidole. "Lakini simwiti mimi. Anajileta mwenyewe, na anasema ukweli wote. Na mkwe wangu awe amempa kabisa, mbele ya watu. Kupewa kabisa, si kutumwa."

Nilitembea kwa haraka hadi Mutegi alipokuwa, na yeye akasikiliza bila utani hata mmoja. Akaniuliza mara mbili kama ni Cucu mwenyewe aliyesema. Kisha akavaa kofia, akashuka getini.

Kaberia alikuwa amechuchumaa kivulini kando ya bodaboda yake. Aliposikia, alisimama. Walikuwepo Kathure, mlinzi wa geti, mama anayeuza mahindi ya kuchoma, na mimi.

"Ukinipa ni yangu," Mutegi akasema. "Huwezi kuniuliza nimeifanyia nini."

"Siulizi."

"Hata nikiimwaga."

"Hata ukiinywa, Mtharaka. Ni yako. Nimekupa." Akakunja mkono wa shati. "Nichukuliwe wapi?"

Alichukuliwa damu, ikapimwa kama inavyopimwa damu yoyote. Daktari Ouma nilimweleza kila kitu. Aliuliza tu ni nani huleta damu kutoka maabara hadi wodini siku za kawaida. Nikamjibu kwamba ni Mutegi. Akatabasamu, akatia sahihi. Hakuna taratibu hata moja iliyosogezwa. Mutegi alibeba lile boksi la baridi alilokuwa amelibeba maisha yake yote, ila safari hii alilibeba kwa mikono miwili, kifuani, na aliponipita hakunisalimia.

Akalitua kando ya kitanda. Nesi akasubiri.

"Cucu, nimekuja mwenyewe. Hii ni damu yangu. Haikutoka mwilini mwangu. Nilipewa na mkwe wako, akanipa kabisa mbele ya watu, na haijarudi kwake. Sasa nakupa wewe. Naomba uipokee."

Cucu aliniangalia mimi, akamwangalia Kathure, akaangalia boksi. Nilijua wakati huo kwamba angeweza bado kusema hapana, na kwamba njia yote tuliyoitengeneza ilikuwa nyembamba kama uzi, na yeye ndiye aliyekuwa akiipita, si sisi.

Akavuta mkono wa gauni, akautoa mkono.

"Haya, Mtharaka. Leta."

Alipasuliwa. Alilalamika kuhusu mashuka mapya. Alimlaani mtu wa mazoezi ya viungo kwa Kimeru ambacho mtu huyo, kwa bahati nzuri, hakukijua. Akaanza kusimama na fremu ya kutembelea, akihema, hatua kwa hatua, Mutegi akimfuata nyuma na kiti kama askari wa rais.

Lakini mimi sikutulia. Msilale mkifikiri kazi imekwisha kwa sababu mgonjwa anapumua. Nilikuwa nikijiuliza kama ile njia ilikuwa imeshika. Kama moyoni mwa Cucu, usiku wa manane wa mawazo yake, Kaberia alikuwa bado mkwe, au amekuwa mwana kimyakimya na binti yake ameharibikiwa. Hilo halipimwi maabara. Nilimuuliza Cucu, akasema, "Unauliza maswali kama kuku anayedonoa." Nilimuuliza Kathure, akasema mama hajasema kitu.

Siku ya kwenda nyumbani, Kaberia alikuja na gari la kukodi. Nilikuwa ujiani na makopo yangu kwapani, sijui kwa nini niliyabeba. Cucu akatoka mlangoni mwa wodi na fremu yake, Kathure pembeni, Mutegi mbele na mzigo wa nguo kichwani. Upande wa pili wa ujia, Kaberia akaingia kutoka nje kuuliza gari lisogezwe wapi. Hakujua kwamba wameshatoka.

Walionana kwa kupepesa jicho. Yule ajuza, aliyekuwa akihesabu kila hatua, aliiacha fremu kwa mkono mmoja, akavuta leso ikamfunika kichwa na uso, akageukia ukuta. Na sauti yake ikajaa ujia mzima: "Mwambieni mkwe wangu apishe njia!"

Kathure akaweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka, na machozi yakimtoka.

Kaberia naye alikuwa ameshageuka. Alijibana nyuma ya nguzo karibu nami, paji la uso limegusa rangi ya ukuta, kofia mkononi, kama mtoto anayecheza kujificha. Nilisikia miguu ya fremu ikigonga sakafu: tok, kimya, tok, kimya, ikija, ikitupita.

"Madam," akanong'ona, "amepita?"

"Bado."

"Lakini anatembea?"

"Anatembea."

"Vizuri?"

"Vizuri."

"Sawa," akasema, bila kugeuka. "Wacha niendelee kuangalia huu ukuta."